Mama wa Vifurushi na Kengele ya Baiskeli

Kosa langu kubwa katika mchezo wa makopo lilikuwa kukaa na kengele ya watu kwa miezi kumi na minne. Sikuiiba wala sikuipoteza. Ilikuwa kwenye droo yangu, nimeifunga katika kitambaa cha kufutia miwani, na kila wiki niliitoa nikaifuta vumbi ambalo halikuwapo. Nilikuwa nasubiri kuisogeza vizuri. Kila nikisimulia kosa hilo najikuta nasimulia habari za mama mmoja wa hapa Goma, kwa hiyo leo nimeamua nieleze habari zake moja kwa moja.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha kopo mahali fulani, anaweka namba za mahali pale kwenye tovuti ya mchezo, na wengine wanakwenda kulitafuta kwa simu. Ukilikuta, unaandika jina lako katika kijitabu kilichomo ndani, unalirudisha palepale, kisha unaandika kwenye tovuti kwamba umelikuta. Ndani ya makopo mengine kuna wasafiri. Msafiri ni kitu chochote kidogo kilichofungiwa kibati chenye namba. Ukimchukua, kazi yako ni kumpeleka kwenye kopo lingine na kuandika ulipomwacha, ili mwenye kitu, popote alipo duniani, aone kwenye ramani mstari wa safari yake ukirefuka. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo, nimekaa kwenye kibanda changu cha kuchapa na fotokopi, nilisimama bila sababu. Mstari unaweza kupita hapa. Unaweza kupita kwetu.

Nilijifunza peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikitafsiri kanuni moja moja na kuzinakili. Nilikuwa na kurasa ishirini za kanuni kabla sijatafuta kopo hata moja. Kazi yangu ni kuwachapia watu barua na maombi ya kazi bila kosa, na ugonjwa wa kazi hiyo umenifuata hadi nyumbani: nikikosea neno moja kwenye ukurasa, ninachana ukurasa mzima.

Siku nilipothubutu, nilikwenda mtaa wa Himbi. Namba zilinipeleka nyuma ya ukuta wa mawe meusi ya lava, karibu na nyumba moja kubwa. Kanuni zilisema usionekane na watu wasiocheza. Nikainama, nikachungulia kushoto na kulia, nikaanza kuingiza mkono kwenye matundu ya ukuta. Mlinzi wa geti alinishika kola kabla sijafika tundu la tatu.

"Unaweka nini mule?"

"Siweki. Natafuta kopo."

"Kopo ya nani?"

Nilimwonyesha simu yangu na namba zake. Watu wakaanza kusogea. Ndipo mama mmoja muuza makala, aliyekuwa ng'ambo ya barabara na magunia yake ya mkaa, akapaza sauti bila kusimama: "Mwachilie, ni wa mule mwa Mama wa Vifurushi. Angalia mikono yake, huyu hawezi kuiba hata ndizi."

Nilikuwa sijawahi kuongea na Mama wa Vifurushi, ingawa kaunta yake iko milango minne tu kutoka kibandani kwangu. Nilikwenda kumwona jioni ileile.

"Njo weye," alisema, yaani ndiye mimi wa Himbi; habari zilikuwa zimenitangulia. "Unafichama kama mwizi, halafu unashangaa banakuita mwizi."

Kazi yake ni kupokea vifurushi vya watu na kuvituma: Bukavu kwa boti, Butembo kwa njia ambayo siku hizi huzunguka nchi mbili kabla ya kufika. Ni mwanamke mfupi, anavaa koti la mvua hata jua likiwaka, kwa kuwa, anasema, mvua ya Goma haitumi barua. Kifurushi akikipokea hukinyanyua, hukitikisa karibu na sikio, halafu huuliza kilichomo huku akimtazama mtu usoni. Nilikuwapo siku kijana mmoja alipoleta katoni akasema ni nguo. Katoni ikakohoa, kisha ikatoa sauti ambayo kila mtu anaijua.

"Nguo hailie," Mama akasema.

"Ni nguo na kuku, Mama."

"Andika basi nguo na kuku. Kuku naye iko na haki ya kuandikwa."

Alivyoingia katika mchezo ndivyo alivyoingia katika kila jambo: mtu aliacha kitu kwake. Mgeni aliyekuja kupanda volkano alimwomba ruhusa ya kuficha kopo nyuma ya benchi la wateja, akamweleza maana yake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Yaani ni kifurushi kisicho na jina ya mupokeaji." Mgeni akakubali. "Basi kila mutu ni mupokeaji," akasema Mama, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye mchezo.

Lakini aliugeuza uwe wa hapa. Katika mji huu, mtu akionekana anaingiza kitu ukutani, watu hawamsubiri aeleze. Kwa hiyo kila kopo alilolificha lina mlinzi wake, mtu anayekaa mahali pale kila siku na anayejua kila kitu. La Himbi linalindwa na muuza makala. La ufukweni linalindwa na mwanamume anayejaza madumu ya maji. Mlinzi haruhusiwi kukuonyesha. Anaruhusiwa kukohoa ukilikaribia. Muuza makala hukohoa vibaya sana, hata ukiwa mbali na kopo, kwa ajili ya kukupoteza tu, kisha hujifuta machozi ya kicheko kwa kanga yenye vumbi la mkaa.

"Kanuni zinasema kopo lisijulikane na watu," nilimwambia Mama wiki ya kwanza.

"Batu gani? Wale batakaolitupa kama hawajui ni kitu gani?"

Nilikwenda nikaufuta mstari ule katika kurasa zangu ishirini. Nikauandika upya, ukakaa upande, nikachana ukurasa.

Daftari lake la kazi ni kubwa, lina jalada gumu. Kutoka mbele limejaa vifurushi. Ukiligeuza chini juu na kulianza kwa nyuma, limejaa makopo. Hana habari na hesabu ya makopo aliyoyakuta, jambo ambalo wachezaji wengine hulionea fahari. Nilipojaribu kumhesabia alinifunikia ukurasa kwa kiganja. Kilichonishangaza ni kwamba mara nyingi ameandika neno moja tu: sikukuta. Sikukuta, mvua. Sikukuta, kuna gari limeegeshwa juu yake. Sikukuta, nilichoka.

Mimi sikuwahi kuandika neno hilo. Nikikosa kopo, nilirudi. Kopo moja la barabara ya Sake nililirudia mara tano, na siku nilipolipata niliandika kwenye tovuti kana kwamba nimeshuka kwenye pikipiki na kunyoosha mkono tu. Nilimsomea Mama maandishi yale kwa fahari.

"Mara ine zile za kwanza uliziandika wapi?"

"Sikuziandika. Sikuwa nimelikuta."

"Sasa mwenye kopo angejuaje kama mvua imelibeba? Wewe ulikuwa pale mara ine, ukanyamaza." Akafungua daftari lake upande wa vifurushi, akanionyesha kwa kidole. "Mutu akikuja kuuliza kifurushi, na hakijafika, minamwambia hakijafika. Hiyo ni habari. Analala nayo."

Ningependa kusema alikuwa mkweli wakati wote, lakini ningekuwa nampamba. Mteja akimuuliza kifurushi ambacho hata yeye hajui kiko wapi, humjibu kwa utulivu mkubwa kwamba kiko njiani. Nilimuuliza siku moja kama huo si uongo.

"Kiko njiani. Sikusema njia gani."

Na yapo mengine. Mwanamke huyu anayetuma vitu kila siku hakubali msafiri wa mchezo atumwe kama kifurushi. Msafiri lazima abebwe na mtu anayejua anachobeba, na ambaye ameambiwa kitu hicho kinataka kwenda wapi. Nilimwambia boti ya Bukavu ingeweza kupeleka wasafiri kumi kwa mara moja, akanitazama kama niliyependekeza kuwatuma watoto wake kwa katoni. Tena, yeye mwenyewe aliyekuwa akihubiri kusogea hakuwa anasogea. Hakuwahi kufunga kaunta siku ya kazi. Chakula aliletewa. Makopo aliyatafuta Jumapili baada ya misa, karibu na nyumbani, na akiwa na haraka. Aliogopa kwamba kifurushi kitakuja hayupo, kikute mlango umefungwa. Hakulisema kwa maneno hayo. Alisema, "Na kama kinakuja?"

Sasa kengele.

Niliikuta kwenye kopo la Himbi, siku ambayo muuza makala alikohoa kwa ukweli. Ilikuwa kengele ya baiskeli ya mtoto, ya shaba, ndogo kama nusu ya ndimu, na kibati chake cha namba kimefungwa kwa waya. Kulikuwa na karatasi ndani ya plastiki. Waliianzisha safari ile wanafunzi wa darasa moja la shule ya msingi, nchi ya mbali yenye theluji, pamoja na mwalimu wao. Waliandika kwamba kengele inataka kufika juu ya mlima unaowaka moto, ipigwe mara moja tu, kisha irudi kwao. Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya barabara, pikipiki zikinipigia honi. Watoto walioko upande wa pili wa dunia walikuwa wanautafuta mlima wangu. Ninauona kila asubuhi nikitema maji ya mswaki.

Nilikimbia hadi kwa Mama. Aliishika, akaipiga kwa kidole gumba, wateja wakageuka.

"Hii inataka kwenda," alisema. "Usiikalishe."

Lakini mlima ulikuwa umefungwa, hakuna aliyeruhusiwa kupanda. Nikaona ni vyema ningoje ufunguliwe. Na maandishi ya siku ile lazima yawe mazuri kuliko yote, kwa kuwa darasa zima lingeyasoma. Nikaanza kuyaandika kabla ya safari. Rasimu ya kwanza ilikuwa fupi mno. Ya pili ilikuwa na neno "adhimu" mara mbili. Mwalimu aliniandikia kupitia tovuti, kwa adabu, akiuliza kengele inaendeleaje. Nikaanza rasimu ya jibu. Miezi ikapita, akaandika tena. Sasa jibu lilihitaji kueleza pia kwa nini sikujibu mara ya kwanza, na jibu la namna hiyo ni gumu zaidi kulisawazisha.

Mama alikuwa akiniuliza kila baada ya muda, "Kengele ile ilikwenda?"

"Iko njiani, Mama."

Nilimjibu kwa neno lake mwenyewe, na nilijua ninachofanya. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, akirudi kwenye vifurushi vyake. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ninapoandika haya: aliniamini kwa sababu nilizungumza kama mtu wa kazi.

Mwezi wa sita, mwanzoni, mwalimu aliandika mara ya tatu. Alisema hanilaumu, huenda kengele ilipotea, mambo hutokea. Ila wanafunzi wale walikuwa wanamaliza shule ya msingi mwisho wa mwezi na kutawanyika, na wakati bado wako pamoja alitaka kuwaambia waache kuitazama ramani. Aliniomba nithibitishe tu kwamba imepotea.

Nilisoma ujumbe ule asubuhi nikafunga simu. Saa nne Mama wa Vifurushi akaja kibandani kwangu kutoa fotokopi ya karatasi za boti. Akaomba stepla. Stepla iko kwenye droo. Niliivuta droo kwa nguvu kama siku zote, kwa sababu inakwama, na kutoka ndani ya kitambaa cha miwani kengele ikalia.

Mashine ya fotokopi ilimaliza karatasi yake. Mama akanyoosha mkono, akakifungua kitambaa.

"Iko njiani?" akauliza.

Nilimweleza kila kitu. Nilimtolea rasimu, zilikuwa kumi na saba, pamoja na ujumbe wa mwalimu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasoma rasimu tatu, akiwa amevaa koti lake la mvua, midomo ikisogea.

"Hii ya kwanza ilikuwa na kosa gani?"

"Ilikuwa fupi."

"Batoto wanapenda fupi." Akazikunja zote. "Mulima utafunguka lini?"

"Sijui."

"Na kama haufunguke?"

Nikaisukuma droo, ikakwama.

"Papa Kaye," akasema. Ndivyo alivyoniita, kwa sababu ya madaftari yangu, ambayo hapa kwetu tunaita kaye. "Banakungoya, na weye unangoya mulima, na mulima haungoye mutu."

Akatoka na kengele. Nilidhani amenikasirikia amekwenda. Niliposogea mlangoni nilimwona mbele ya kaunta yake amesimama na kipande cha katoni na kalamu ya wino mzito. Aliitazama ile kaunta kwa muda mrefu. Kisha akaandika NIMEENDA KUPELEKA KIFURUSHI, akakitundika kwenye komeo, akafunga kufuli. Muuza vocha wa jirani aliinuka kwenye kiti chake.

"Mama, kuna msiba?"

"Hapana. Kuna kengele."

Tulipanda pikipiki moja, mwendeshaji, mimi katikati, na Mama nyuma akinishika bega kwa mkono mmoja, kengele kwenye mkono mwingine. Barabara ya kuelekea mlimani ilikuwa wazi wiki ile. Tulipofika kijiji cha Kibati tulisimama kando ya mashamba, mahali ambapo lava ya zamani imeacha ulimi mweusi kati ya viazi, na mlima uko mbele yako mzima, hakuna nyumba ya kukukinga. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilele. Nilivunjika moyo, kwa kuwa picha haingekuwa nzuri.

"Si juu," nikasema. "Waliomba juu."

"Waliomba juu. Sisi tuko chini. Piga."

Nikapiga mara moja, taratibu, kwa heshima kama padri misani. Ilitoa sauti safi, ndogo, ikapotea kwenye mawe. Nilikuwa nataka kulia kwa furaha.

Halafu watoto wakatokea. Walikuwa wanatoka shule, wakasikia kengele, na kengele ya namna ile kando ya barabara ina maana moja. Wa kwanza alifika anahema.

"Iko ya bei gani?"

"Nini?" nikauliza.

"Biskuti."

"Hatuna biskuti."

"Sasa munapiga kengele ya nini?"

Mama alicheka mpaka akashika goti. Akawaeleza, kwa maneno machache kuliko rasimu yangu yoyote, kwamba kengele ile ni ya watoto wenzao wa mbali, na imekuja kuangalia mulima. Wakaangalia mlima, kuhakikisha bado upo. Msichana mmoja mrefu akaomba aipige. Kabla sijasema chochote Mama alishampa. Akapiga. Wakapanga mstari.

"Mama, karatasi inasema mara moja."

"Basi andika haikupigwa mara moja."

Ilipigwa na watoto wote, na mwendeshaji wetu wa pikipiki, na bibi mmoja aliyeacha jembe lake shambani, akaipiga mara mbili, akasema ya pili ni ya mume wake. Nilisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu nilitamani jambo lisiishe.

Mama alinikalisha kwenye gunia la viazi, akanisimamia. "Hapa. Sasa. Bila kaye."

Niliandika kwa kidole gumba. Haya ndiyo niliyoandika, na sijayagusa: "Samahani, nilikaa nayo miezi kumi na minne, hilo ni kosa langu. Haikupotea. Mlima umefungwa, haikufika juu, imefika Kibati, chini yake. Haikupigwa mara moja. Watoto wa hapa walidhani tunauza biskuti. Kesho inaanza kurudi." Nilikosea neno moja. Nilibonyeza kutuma, na Mama akapumua kabla yangu.

Kesho yake nilivuka mpaka kwa kijikaratasi cha siku moja, nikaiacha kwenye kopo la Gisenyi, upande wa ziwa wanakopita wageni. Niliandika nikiwa bado nimechuchumaa. Siku ya tisa mtalii mmoja akaichukua, na mstari kwenye ramani, uliokuwa umekwama juu ya Goma kama nzi kwenye kioo, uliruka kuelekea kaskazini.

Haikufika kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Ujumbe wa mwalimu ulinikuta kibandani, nikaenda kumsomea Mama kwenye kaunta, nikitafsiri polepole. Siku ya mwisho ya shule alilisomea darasa maandishi yangu. Walicheka sana kwenye biskuti, wakataka asome tena. Kisha wakapiga kura, na wengi wakasema kengele isirudi nyumbani, iendelee. Alikuwa ameshabadilisha maelezo yake kwenye tovuti. Sasa inataka kupigwa na watoto wengi iwezekanavyo.

Mama alikuwa anafunga kifurushi cha Bukavu. Aliumalizia uzi, akaukata kwa meno.

"Walicheka?"

"Walicheka, Mama."

"Bon, vizuri." Akaligeuza daftari chini juu, akalifungua kwa nyuma, akanisukumia pamoja na kalamu. "Andika weye."

Hakuwa amewahi kumruhusu mtu kuandika mule. Niliandika kengele, Kibati, Gisenyi, na nikakosea tarehe. Mkono wangu ukashika pembe ya ukurasa kabla sijaufikiria. Kiganja chake kilikuwa tayari juu ya mkono wangu, kizito, kina harufu ya gundi.

"Piga mustari. Andika pembeni."

Nikapiga mstari, nikaandika pembeni. Mwanamke mmoja akaingia na ndoo ya kifuniko, akaiweka juu ya kaunta, na Mama akaiinua hadi sikioni.

Siku hizi nikikuta kopo ninaandika siku ileile, nikilikosa ninaandika sikukuta, na kwenye droo yangu kuna stepla tu. Mama wa Vifurushi hufunga kaunta kila Alhamisi mchana, akaenda kutafuta makopo.